Bunduki ya Upepo Hutaka Risasi Laini



Mwishoni mwa Agosti 1803 kapteni wa jeshi la Marekani, Meriwether Lewis, aliondoka Pittsburgh kwa mashua kubwa. Rais Thomas Jefferson alikuwa amemtuma atafute njia ya kulivuka bara lile mpaka bahari ya Pasifiki. Katika mizigo ya safari hiyo kulikuwa na makopo 52 ya ajabu. Yalitengenezwa kwa madini ya risasi. Kila kopo lilibeba ratili 4 za baruti, na kopo lenyewe, tupu, lilikuwa na ratili 8. Baruti ikiisha, kopo linatiwa motoni, linayeyushwa, na risasi zinazotoka humo zinalingana na baruti ile iliyokuwemo. Hakuna cha kutupa. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya safari ya Lewis na mwenzake Clark, milima waliyopanda, mito waliyovuka. Mimi kinachonitia wivu ni yale makopo.

Katika mizigo hiyo hiyo kulikuwa na bunduki ya upepo. Siku ile ile ya kwanza walitia nanga kwenye kisiwa maili chache tu kuteremka mto, watu wakaja kutazama, Lewis akaifyatua mara kadhaa kuwaonyesha. Kisha akampa bwana mmoja aitwaye Blaze Cenas, ambaye hakuijua vizuri. Ikafyatuka. Mwanamke aliyekuwa amesimama yadi 40 hivi kutoka hapo akaanguka, damu zikimtoka kichwani. Wote walidhani amekufa. Bahati yake, risasi ilikuwa imepita kwenye kofia na kumparuza tu upande wa kichwa; baada ya muda akazinduka. Lewis aliyaandika hayo katika daftari lake la safari, na mimi nayataja mapema kwa makusudi, ili asiwepo anayesikiliza akadhani bunduki ya upepo ni kichezeo cha watoto.

Wachunguzi wengi wa silaha za kale wanaamini ile ilikuwa bunduki ya aina ya Girandoni, iliyoitwa kwa jina la fundi aliyeibuni, na ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa ndicho mtungi wa hewa. Ubavuni ilibeba risasi za duara kama 20, na askari aliweza kuzifyatua moja baada ya nyingine wakati mwenzake mwenye gobori angali akishindilia ya pili. Kazi ilikuwa kwenye kujaza: pampu ya mkono, kusukuma mara 1,500 hivi ndipo mtungi uwe tayari. Na pamoja na mitungi ya akiba na pampu, askari yule alibeba kalibu na upawa wa kusubia risasi zake mwenyewe.

Kalibu na upawa. Hapo ndipo nataka tukae jioni ya leo, maana zaidi ya miaka 200 imepita, baruti imeshinda vita vyote, bunduki za upepo zikarudi kuwa za kupigia makopo uani, na bado wapo watu Marekani wanaokaa nyuma ya nyumba siku za mapumziko na jiko la gesi, sufuria ya chuma, kalibu na upawa. Bunduki zao zina mtutu wa milimita 9, wa milimita 11 na nusu, hata wa zaidi ya milimita 12. Kile kirisasi cha bunduki ya kupigia njiwa, cha milimita 4.5, kina uzito wa nusu gramu hivi. Hizi zinarusha gramu 9, 15, 20 na zaidi, kwa hewa tupu. Huko Missouri fundi Dennis Quackenbush alizitengeneza kwa mikono miaka mingi kabla viwanda havijazitia maanani, na mwaka 2015 kampuni ya AirForce ya Fort Worth, Texas, ikatoa yake kubwa iliyoitwa Texan. Majimbo kadhaa yanaruhusu kuwinda nazo hata nguruwe pori na paa.

Niweke angalizo hapa. Huko kwao, sheria ya serikali kuu haiihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto. Uingereza, ikizidi juli 16 hivi unatakiwa kuwa na cheti cha polisi, na hizi kubwa zinapita hapo mbali sana. Kwetu mambo ya silaha ni vibali na polisi. Nazungumzia ufundi wa watu, simtumi mtu dukani.

Sasa, kwa nini wajisumbue na sufuria wakati risasi zinauzwa? Jibu limo kwenye upepo wenyewe.

Katika bunduki ya kawaida ya kuwindia, baruti inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba hupanda kupita baa 3,000. Nguvu ile huikaba risasi kutoka nyuma, ikaitanua, ikaisukumiza kwenye mifereji ya mtutu itake isitake. Risasi ikiwa nyembamba kidogo, baruti inaweza kuisamehe. Wazee waliokuwa na magobori walishindilia hata vipande vya misumari, na vilitoka. Hewa ya mtungini ni baa 200, pengine 300 mtungi ukiwa umejaa. Na hiyo ni mwanzoni; kila ukifyatua inapungua, na bunduki nyingi za aina hii hazikupi zaidi ya risasi tatu au nne za maana kabla hujarudi kujaza. Upepo wa namna hiyo hauwezi kuitanua risasi ngumu. Unaisukuma jinsi ilivyo. Kwa hiyo unene wake, ulaini wake na usawa wa kitako chake lazima viwe vimekwisha kuwa sahihi kabla hujaiweka kwenye chemba. Mlenga shabaha wa bunduki ya upepo anafanya nusu ya kazi yake jikoni.

Tuanze na ulaini. Mafundi hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Brinell. Madini safi ya risasi yapo kwenye 5 hivi. Vile vipande ambavyo fundi wa matairi hubandika kwenye rimu kubalansi gurudumu vipo kati ya 9 na 12, kwa sababu vimetiwa antimoni. Herufi za zamani za mitambo ya magazeti, zenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, zinafika 22. Kwa bunduki ya baruti yenye kasi kubwa, ugumu ni baraka, maana madini laini yangechubuka na kuupaka mtutu. Kwa bunduki ya upepo, ugumu ni breki. Risasi inapoingia kwenye mifereji ni lazima ichongwe na kingo za mifereji ile, na nguvu ya kuichonga inatolewa kwenye akiba ndogo ya hewa. Kila juli inayotumika kuchonga ni juli ambayo haitafika kwenye shabaha.

Ndiyo maana wasubu wa bunduki za upepo wanatafuta madini safi kama wengine wanavyotafuta dhahabu. Mabomba ya maji ya majumba ya zamani. Mabati ya risasi yaliyoezeka mapaa ya makanisa. Maganda ya nyaya za simu za chini ya ardhi. Karatasi nene za risasi zilizotolewa kwenye kuta za vyumba vya eksirei. Nilipokuwa nikiishi Texas nilikuwa na jirani, mzee mstaafu wa reli, ambaye karakana yake ilijaa vitu hivyo, na alikuwa na namna yake ya kuvipima. Anakwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Alama ikibaki, madini ni laini. Kisha anakiangusha kipande sakafuni kwenye saruji na kutega sikio. Kikilia kama kengele anakitupa kwenye ndoo ya kushoto, kikitoa mshindo mfu kinakwenda ndoo ya kulia. Nimewahi kuona watu wakitumia vifaa vya dola mia kadhaa kupata jibu lile lile.

Madini safi kabisa, hata hivyo, yana ukaidi wake. Hayapendi kuingia kwenye pembe za kalibu. Yanajikunja kama maji juu ya jani la mgomba, na risasi inatoka na mabega ya duara mahali palipotakiwa kuwa na ukingo mkali. Dawa yake ni bati kidogo, sehemu moja kwa 40 za risasi, au moja kwa 30. Bati hulegeza ule utando wa juu, madini yakatiririka na kujaza. Ugumu unapanda mpaka 8 au 9 tu, na upepo unaumudu bado. Zaidi ya hapo unatupa fedha, maana bati ni ghali.

Vile vipande vya kwenye rimu vina mtego mwingine. Siku hizi vingi vimetengenezwa kwa zinki. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 420 hivi. Msubu makini anaweka moto wake katikati, na zinki inaelea juu ikiwa ngumu bado, anaiengua na kijiko. Asiyekuwa na kipimajoto anapandisha moto, zinki inayeyuka na kuchanganyika, na sufuria nzima inageuka uji mzito usiojaza kalibu yoyote.

Na betri za gari? Hapa wenzetu wa Marekani hawana mjadala: usiyeyushe betri. Sahani za betri zina antimoni, nyingine zina arseniki, kuna tindikali iliyobaki, na unga wake ndio mbaya kuliko vyote. Sisi hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu, na watoto wakaingiwa na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo na ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo ukimwona mvuvi anayeyusha sahani za betri kwenye kopo la rangi ili apate chubwi, na watoto wamechuchumaa kando wakitazama, waondoe watoto kwanza, maswali baadaye.

Watu wengi wanaogopa moshi. Kwa kweli kwenye nyuzi 400 madini ya risasi hayatoi mvuke mwingi. Yanachemka zaidi ya nyuzi 1,700. Hatari kubwa ni ile takataka ya kijivu inayoelea juu, mavi ya risasi, ambayo ikikauka ni vumbi jepesi kama unga wa ngano. Linakaa kwenye mikono, kwenye nguo, kwenye zulia la sebuleni, na kutoka hapo linakwenda mdomoni. Jirani yangu yule alikuwa na kofia, miwani na glovu, na viatu ambavyo havikuwahi kuvuka kizingiti cha mlango wa nyumba. Sigara aliiacha ndani. Chai hakuileta karakanani. Na alikuwa akisubu penye hewa inayopita, mlango mkubwa wazi.

Jambo la pili alilokuwa mkali nalo ni maji. Tone moja likizama chini ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja, likachukua nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya mwanzo, na vilivyomo sufuriani vyote vinarushwa juu. Kipande chenye unyevu hakiongezwi kwenye sufuria yenye moto. Upawa uliolala nje usiku unapashwa kwanza. Mvua ikinyemelea, kazi inafungwa.

Sasa tumeyeyusha. Juu ya madini kuna ngozi inayong'aa rangi ya samawati na dhahabu, nzuri kutazama. Msubu anatupia kipande cha nta cha ukubwa wa punje ya mahindi na unga wa mbao kidogo; moshi unapaa, mara unashika moto, naye anakoroga na kukwangua kuta za sufuria. Kaboni inalirudisha bati lililoungua ndani ya madini, na uchafu wa kweli unapanda juu kama majivu meusi. Anaengua. Chini yake panabaki kioo.

Kalibu ni vipande viwili vya alumini, chuma au shaba vinavyokutana, vimechongwa ndani umbo la risasi, na juu yake kuna kibamba chenye tundu la kumiminia. Alumini ni rahisi na inapata moto upesi. Chuma kinadumu kikipakwa mafuta, vinginevyo kinaota kutu. Risasi za mwanzo zinatoka zimekunjamana kama uso wa ndizi iliyokaushwa, kwa sababu kalibu bado baridi. Hazihesabiwi. Zinarudi sufuriani. Baada ya hapo mwendo unakolea: mimina, acha kilima kidogo cha madini kibaki juu ya kibamba, subiri. Kilima kile kinang'aa, kinang'aa, kisha ghafla uso wake unafifia. Ukikata kabla ya hapo, madini yanachanika na kitako cha risasi kinabaki na shimo. Ukingoja sana, unagonga kibamba kwa rungu la mbao mpaka unakipindisha. Anagonga mara moja, kibamba kinazunguka, anafungua mikono ya kalibu, na risasi inaangukia kitambaa laini kilichokunjwa. Inang'aa kama fedha. Ikianza kutoka na rangi ya ukungu ukungu, kalibu imepata moto kupita kiasi. Risasi yenyewe si mbovu, ila unapunguza mwendo.

Nimekitaja kitako, na nitakaa hapo kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea kutazama. Wao wanakagua ncha. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin Mann, alichapisha kitabu cha majaribio yake ya miaka mingi juu ya safari ya risasi kutoka baruti mpaka shabaha. Mtu huyu alikuwa amepata fedha kwa kubuni mashine ya kusaga mifupa ya kulisha kuku, na fedha hizo akazitumia kujenga kiwanja chake cha kupimia bunduki, chenye nguzo nzito ya zege ya kufungia mtutu usitikisike. Sijui wenye kuku walisemaje. Mann alizikwangua risasi kwa makusudi, nyingine nchani, nyingine kitakoni, akazifyatua na kupima. Zilizoharibika ncha ziliendelea kufika karibu na zilikolengwa. Zilizopinda kitako zilitawanyika vibaya. Sababu inaeleweka: risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, hewa iliyobanwa nyuma yake inachomoka. Kitako kikiwa sawa, inachomoka pande zote kwa pamoja. Kikiwa na pengo upande mmoja, hewa inatangulia hapo na kuipiga risasi kikumbo pembeni wakati ndiyo kwanza inaanza safari. Kwa hiyo zigeuze risasi zako, vitako juu, chini ya taa kali. Chenye ukingo uliomeguka, sufuriani.

Tukija kwenye unene. Huwezi kuamini namba iliyochorwa ubavuni mwa bunduki. Mitutu miwili iliyoandikwa kipimo kimoja inaweza kupishana vya kutosha kuharibu shabaha. Fundi anachukua donge la madini laini, nene kidogo kuliko mtutu, anapaka mafuta na kulisukuma taratibu kwa fimbo kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Linatoka na chapa ya mifereji yote. Anapima kwa maikromita sehemu pana kuliko zote, na hapo amejua mtutu wake. Risasi yake iwe sawa na kipimo hicho, au iizidi kwa sehemu tatu za mia za milimita, basi. Ikipungua, hewa inapenya kando yake. Ikizidi, unahangaika kuisukuma kwenye chemba kwa kidole, na ukiisukuma kwa nguvu unakipinda kile kitako tulichokihangaikia.

Hapa kuna hila moja ya madini ambayo wageni hawaijui. Kalibu moja ile ile haitoi unene mmoja. Madini safi hupungua zaidi yanapopoa kuliko yale yaliyotiwa bati na antimoni. Mtu ananunua kalibu iliyopimwa kwa madini magumu, anamimina laini kama alivyoshauriwa, risasi zinatoka nyembamba kidogo, na analaumu bunduki. Wanaojua wananunua kalibu yenye nafasi ya ziada, kisha wanazipitisha risasi kwenye kipete cha chuma kinachozibana mpaka unene unaotakiwa.

Umbo na urefu ndiyo mada inayowagombanisha zaidi. Kwenye bunduki za upepo risasi nzito mara nyingi hubeba nguvu nyingi kuliko nyepesi, kwa sababu inakawia ndani ya mtutu na hewa inapata muda wa kuisukuma. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia ndefu kuliko zote. Lakini risasi ndefu inataka kuzungushwa kwa kasi ili isipepesuke, na mzunguko umeshakatwa kiwandani ndani ya mtutu. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga kule Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo inatumika mpaka leo kwa risasi za kasi ndogo: zidisha 150 kwa mraba wa kipenyo, gawanya kwa urefu. Chukua risasi ya milimita 11.5 yenye urefu wa milimita 23. Inahitaji mzunguko mmoja kila sentimita 86. Irefushe mpaka milimita 30, sasa inataka mzunguko kila sentimita 66. Mtutu wako ukiwa umekatwa kwa sentimita 75, ya kwanza itatulia angani na ya pili itatoboa karatasi ikiwa imelala ubavu, tundu refu kama la ufunguo. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu kabla hujanunua kalibu ya dola 100, na bado watu hawaifanyi.

Kuna wanaotafuta njia ya kati: risasi yenye kitako chenye uvungu. Mfaransa Claude-Étienne Minié aliipa jina wazo hilo mwaka 1849. Shinikizo linaingia kwenye uvungu na kuzitanua kuta zake nyembamba zishike mifereji. Kwa upepo inafanya kazi kiasi, ikiwa kuta ni nyembamba na madini ni laini hasa. Kuisubu ndiyo taabu, maana kalibu ina kijiti cha katikati ambacho kisipopata moto sawasawa kinatoa vitako vilivyokunjamana. Na ile ya duara, ya Girandoni, bado ina heshima yake: kwenye milimita 11.5 ina uzito wa karibu gramu 9, na kwa mita 50 bunduki nyingi zinaipenda kuliko zile za umbo la kisasa zenye ncha kali.

Kasi? Wengi wanakomea kati ya mita 240 na 290 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti ambayo ni 343 hewa ikiwa na nyuzi 20. Ukiikaribia sauti, risasi inaanza kutikiswa na mawimbi inayoyatengeneza yenyewe. Gharama ya mwendo huo wa pole ni kuanguka. Kwa mita 250 kwa sekunde, risasi inapofika mita 100 imeshashuka zaidi ya sentimita 75 chini ya mstari wa mtutu. Mwindaji anayekosea umbali kwa mita 15 anakosa mnyama, au vibaya zaidi, anamjeruhi na kumpoteza porini. Hapo hata usubu mzuri haumsaidii. Alipaswa kusogea karibu.

Mwisho wa kazi ya jikoni ni mizani. Risasi inaweza kung'aa nje na kuwa na pango ndani, povu la hewa lililonaswa. Macho hayalioni, mizani inaliona. Mzee wa reli alizipanga kwenye trei ya mayai kwa uzito, na zilizopungua kwa zaidi ya asilimia 1 zilirudi motoni bila huruma. Kisha alikwenda kiwanjani na aina tatu au nne, risasi tano tano za kila aina, benchi lile lile, mtungi ukijazwa mpaka baa ile ile kila mara, na aliiachia bunduki ichague. Mara nyingi iliichagua ile aliyoidharau.

Upande wa pili wa habari hii ni kinachobaki porini. California imepiga marufuku risasi za madini haya katika uwindaji wote wa bunduki za baruti tangu Julai 2019, kwa sababu tai wakubwa wa kule, kondori, walikuwa wakila mizoga yenye vipande vyake na kufa kwa sumu. Mwenye bunduki ya baruti anahamia kwenye shaba nyekundu, na bunduki yake haijali sana. Mwenye upepo hawezi kufuata kirahisi hata akitaka, maana shaba ni ngumu mno kwa baa zake 200. Wengine wamejaribu kusubu bati tupu. Linayeyuka mapema, kwenye nyuzi 232, ni laini, linajaza kalibu vizuri, na halina sumu ile. Lakini ni jepesi: kalibu inayotoa risasi ya gramu 20 itatoa gramu 13 za bati, kwa bei ya mara kadhaa. Na kwa hesabu ya Greenhill, ukizingatia wepesi huo, ile risasi ya milimita 30 iliyotaka mzunguko kila sentimita 66 sasa inataka kila sentimita 54 hivi. Mitutu mingi iliyopo sokoni haikukatwa hivyo.